Springi ya Kushoto

"Vuta pumzi, mzee. Ibane hapo hapo," fundi alisema kutoka chini ya gari.

Kimbunga akaibana. Alikuwa ameketi nyuma ya usukani wa gari lake jekundu la mashindano, la milango miwili, lisilo na paa, lililozeeka kwa heshima kuliko yeye. Injini ilikuwa imezimwa. Aliukodolea macho ukuta wa gereji ya nyumbani kwake kana kwamba ni barabara.

"Haya, iachie. Polepole. Gari linasikia kila kitu."

Jumapili kulikuwa na mbio za magari ya zamani, na safari hii Kimbunga hakuwa tayari kula vumbi la shemeji yake, kaka wa mkewe. Mwaka jana gari lilikaa juu kama jogoo anayetaka kuwika, likayumba kwenye kona, shemeji akapita akipunga mkono. Tangu hapo Kimbunga hakula vizuri wala hakulala vizuri. Alizunguka nyumba nzima akiitukana ile kona.

Ndipo mkewe alipomletea fundi mpya: kijana mpole, ovaroli bado ina mikunjo ya dukani, kucha safi kama za bwana harusi. Kimbunga alimdharau mpaka alipomsikia akieleza kazi. Nafasi kati ya tairi na madigadi lazima ilingane kushoto na kulia, kijana alisema, tena ipimwe dereva akiwa ndani, maana gari huinamia uzito wa mwenyewe. Dereva akitikisika tu, vipimo vyote vinakwenda na maji.

"Hilo ndilo neno!" Kimbunga alifoka kwa furaha. "Wale vilaza wote walinipimia gari tupu!"

Basi akakaa. Kila siku alikaa, na kila siku springi ya kushoto ilikataa kulingana na mwenzake.

Mkewe aliingia na bakuli la supu. Kimbunga akaonja, akakunja uso. "Haina chumvi!"

"Chumvi inashika maji mwilini, mzee," sauti ikatoka chini. "Maji nayo ni uzito."

"Umesikia, mke wangu? Hata chembe usitie!"

"Nimesikia, baba watoto," mkewe akasema, akageuza uso haraka.

Alasiri shemeji akaja kuchungulia. Mlango wa pembeni wa gereji ulikuwa na ngazi mbili tu, lakini aliingia akihema kama aliyepanda mnara.

"Shem! Bado unaendesha? Huo ukuta hauishi?"

"Jumapili utanijua mimi ni nani!" Kimbunga alinguruma, akaanza kuinuka.

"Kaa!" Fundi alichomoka chini ya gari kwa kasi mpaka akagonga kichwa kwenye bampa. "Hasira imehamisha uzito! Ona kushoto kulivyozama. Tunaanza upya."

Kimbunga akarudi kitini kama mtoto aliyefinywa. Fundi akamshika kifundo cha mkono uliokuwa juu ya usukani, akatazama saa yake, midomo ikichezacheza.

"Na hapo unafanya nini?" shemeji akauliza.

"Napima mtikisiko unaopanda mpaka kwenye usukani."

"Injini si imezimwa?"

"Ndiyo wakati wa kuusikia vizuri!" Kimbunga akadakia. "Ungekuwa na fundi wa maana, ungejua."

Shemeji akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Fundi alimtazama kwa makini, akaanzia usoni akaishia kwenye viatu, vilivyolegezwa kamba ili miguu iliyovimba ipate nafasi.

"Gari lako nalo huwa linainama?"

"Langu? Thubutu!"

"Wote husema hivyo," fundi akajibu, akamsindikiza mlangoni.

Kisha akamrudia Kimbunga. "Sasa fumba macho. Ukitazama mbele, shingo inavuta upande mmoja. Legeza mabega. Legeza na taya. Springi inataka dereva aliyetulia kama gunia la mchanga."

Kimbunga alikuwa tayari kwa lolote la kumshinda shemeji. Akalegea. Haukupita muda akaanza kukoroma, mikono bado juu ya usukani, na tabasamu la mtu anayempita mwenzake kwenye kona.

Mkewe akaja akinyata. Fundi akaweka spana sakafuni. Ilikuwa bado imo ndani ya karatasi yake ya dukani.

"Vipi, Daktari?" mke akanong'ona.

"Moyo umetulia. Wodini aliwatoroka wenzangu mara mbili, humu hajainua hata kidole."

"Na Jumapili je?"

"Jumapili itazama springi ya kulia. Na yule kaka yako, mwambie gari lake nimeliona: limeinama vibaya sana."