Msimamizi wa Mashuuru

Njogu alinunulia ofisi nzima mbuzi wa kuchoma, na ni Timothy Kisemei peke yake aliyekataa kwenda kula.

"Niko na tumbo mbaya," alisema.

Uongo mtupu. Kilichomsokota si tumbo, ni wivu. Ofisi yao ya Kitengela ilikuwa inangoja kujua nani atapewa mradi wa Mashuuru, ule wa kusajili ng'ombe wa ushirika. Njogu alikuwa ameushikilia kwa muda tu, na mtu hanunui mbuzi bure. Huyu ashapewa, Timothy alijiambia. Upole wote ule ni wa kujifanya.

Dalili zilikuwa tele. Wiki nzima Njogu alitoka nje kupokea simu na kurudi akitabasamu. Kikombe chake cha chai alimwachia Ann wa mapokezi. Bosi wa kesho atakitakia nini? Na sasa, pale kwa meza waliyokaa pamoja, alikuwa akimwelekeza Timothy kila kitu polepole, kama mwalimu wa nasari. Jamani, ilimuuma!

Halafu kulikuwa na ile aibu ya Jumanne. Timothy ndiye aliyeandika, kwa lugha ya kompyuta ya Java, ukurasa wa wafanyakazi kwa mfumo wa ofisi: unafungua mradi, unachagua msimamizi kwa dropdown, ile orodha ya majina inayoshuka, unahifadhi. Njogu aliujaribu mbele ya watu wote.

"Kisemei, hapa kuna shida. Ndani ya mradi kuna rekodi nzima ya mtu, lakini dropdown yako imeshika jina lake tu. Ukichagua mwingine, humleti huyo mwingine. Unambandika yule aliyekuwa hapo jina geni, na litamfuata kila mahali: miradi, likizo, maombi, kila kitu."

"Nitaangalia."

Hakuangalia. Kurekebisha kungekuwa kukubali kwamba Njogu anajua kumshinda, na heri alale njaa kuliko hilo.

Sasa wenzake wako kwa nyama, na yeye yuko peke yake na kompyuta. Virginia, bosi wao, alikaa Kajiado na hakuwa mtu wa kuulizauliza. Alichokikuta kwa mfumo ndicho alichotangaza. Timothy alifungua mradi wa Mashuuru. Msimamizi: Njogu. Jina lile lilimchoma macho. Alishusha orodha, akachagua lake, akahifadhi.

Msimamizi: Timothy Kisemei.

Weh! Alilitazama jina lake mpaka shingo ikamuuma. Wenzake walipomletea mbavu mbili kwa karatasi, alizila zote, na tumbo halikusema neno.

Ijumaa Virginia alifika kutoka Kajiado. Timothy alikuwa amevaa koti la harusi ya dada yake, na alikaa mbele kabisa.

"Nianze na Timothy," Virginia alisema. Timothy alinyoosha kola ya koti. "Ombi lako la kuacha kazi nimelikuta kwa mfumo asubuhi. Imeniuma, lakini nimekubali, na wa kuziba pengo lako anaingia Jumatatu. Nashukuru hukuniacha hivi hivi."

Timothy alikumbuka Jumanne. Kulikana ombi lile kungekuwa kukiri mbele ya Njogu alichofanya kwa ukurasa wake mwenyewe.

Virginia alivaa miwani, akasoma kwa simu yake: "'Mradi wa Mashuuru mpe mwenzangu tunayekaa naye meza moja. Ni mwaminifu, na hii kazi anaijua kunishinda.'" Akamgeukia Njogu. "Umesikia mwenzako? Unaweza kuubeba?"

Njogu, aliyekuwa ameandika kila neno la ombi lile mwanzoni mwa wiki, kwa jina lake mwenyewe, alimtazama Timothy, kisha akamgeukia Virginia.

"Asante, madam," alisema. "Naweza."