Kitako Kilichopigwa Msasa

Orville, mthamini wa bunduki za kale hapa Billings, alipitisha kidole gumba kwenye kitako cha bunduki yangu kilichong'aa.

"Nani kaipiga msasa?"

"Mimi mwenyewe. Wiki tatu! Na mtutu nimeupaka weusi upya."

Alivua miwani. "Ulikosa kazi nyingine, mama? Ungeiacha na kutu yake. Wakusanyaji wanautaka huo uzee. Sasa haifiki hata robo ya thamani yake."

"Siiuzi. Ni ya marehemu mume wangu. Nilitaka tu isifiwe."

Akakigusa tena kitako. "Hapa ndipo alipoegemeza shavu akilenga. Miaka yote hiyo, lazima mti ulilika."

Kibonde kilikuwepo. Nilidhani ni kasoro, nikakisawazisha.

Nikainua bunduki, nikalaza shavu langu pale pale. Palinuka vanishi.