Udongo Kwenye Kucha

Kidole gumba changu kilizama. Kati ya ubao wa tatu na wa nne wa pirogi yangu, mtumbwi niliouunda mwenyewe, pale niliposhindilia pamba ya kuzuia maji kwa siku mbili nzima, palikuwa na udongo mwekundu tu, umepakwa lami juu. Mtu alikuwa ameing'oa pamba yote.

Nikainua macho. Mwalimu wetu, Papa Médard, alikuwa amesimama ukingoni mwa mto. Udongo uleule ulikuwa umemjaa chini ya kucha.

“Unangoja nini?” akaniuliza kwa sauti, shule yote isikie. “Siku ya mtihani, mwenye alijenga njo anavuka wa kwanza. Vuka mpaka Lubunga, ng'ambo ile, tuone kama mwanamuke anaweza kutengeneza pirogi.”

Wenzangu, wote wanaume, wakacheka.

“Bon,” nikasema. “Lakini papa, wewe njo ulinifundisha. Tutavuka sisi wawili.”

Kicheko kikageuka makofi. “Papa apande! Papa apande!”

Yeye hakuwatazama. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye ubao wa tatu.

Nikaingia, nikakaa, nikamnyooshea kopo la kutolea maji.