Bibi Harusi Haonekani

"Zima uwashe!"

"Nimezima mara tatu, shangazi, kamera haitaki!"

Hamdu na shangazi Mashavu walibishana mbele ya kompyuta. Bwana harusi alionekana vizuri huko ughaibuni. Wao, kwenye skrini yake, walikuwa giza tupu. Bwana harusi alitaka kumwona Tunu, bibi harusi, kwanza, maana hawajawahi kuonana, ndipo akubali ndoa. Tunu, hina haijamkauka, alishindwa kutulia kitini.

Hamdu akainama. "Nani kapaka rangi ya kucha kwenye kamera?"

"Mimi. Jana tulikuwa tunamsinga mwali, kajifunga kanga tu. Ulitaka wanaume wachungulie?"

Hamdu akaikwangua kwa pini ya mtandio. Nuru nyekundu ikaanza kupenya.

"Acha kwanza, kaka," Tunu akasema. "Mwambie naye azime yake, anichekeshe kwanza, ndipo nami nikubali."