Anayekanda Mkate

Wewe umewahi kumwona mtu mzima akiuziwa chapati na asiondoke?

Ndivyo alivyosimama Mwalimu kwenye kibanda cha chapati cha Khamisa, mtaani Kiuu, asubuhi hiyo, matope ya mvua za El Nino yamempanda viatuni, chapati yake ikipoa ndani ya gazeti. Yeye alikuwa mgane, Khamisa mjane, na kesho Khamisa angehamia Thika kwa binti yake.

Khamisa aliendelea kukanda unga, akiusukuma kwa ngumi na kuukunja tena, ingawa ulikuwa umelainika kitambo. Alikuwa anamngoja aseme.

"Khamisa, unajua hili neno *lady* lilitoka wapi?"

"Si kwa Wazungu, Mwalimu?"

"Huko kwao, zamani sana, maana yake ilikuwa mwanamke anayekanda mkate wa nyumba."

Khamisa aliitazama mikono yake, nyeupe mpaka karibu na viwiko. Hakuna mtu aliyewahi kuisifu, sembuse kwa kuanzia mbali hivyo.

"Na mwanamume wa nyumba hiyo je?"

"Huyo ni *lord*. Mlinzi wa mkate."

"Haiya! Kumbe ndiyo kazi unayofanya hapa tangu mvua ianze!" Alicheka, kisha mikono yake ikatulia juu ya unga. "Somo limeeleweka, Mwalimu. Sasa sema."

Mwalimu alilikunja gazeti, akalikunjua, akalikunja tena mpaka mafuta yakapenya vidoleni.

"Usiende Thika," akasema. "Kaa, Khamisa. Nataka nikuoe."