Udongo wa Gatuanyaga

Sisi wapangaji tulisikia kwanza ulimi ukikwaruza, kama msasa juu ya ubao. Mwenye nyumba, tajiri wa vyumba sita vya udongo hapa Thika, alizunguka nyuma akamkuta mbuzi wa Tausi, mpangaji mwenzetu, akilamba ukuta. Fito za ukuta zilikuwa zimebaki wazi.

"Mama, hama leo na huyu mnyama wako," alisema, akiiweka sawa kofia yake ya pama.

Tausi alimega kipande cha ukuta, akakionja, akatema karibu na viatu vya mwenye nyumba vinavyong'aa. "Udongo huu uliuchimba wapi, mzee?"

"Gatuanyaga, pale ng'ombe wanapolamba chumvi. Ni wa bure. Hata kwangu nimekandika huohuo." Alijivuna, kisha akamtazama mbuzi.

"Sihami," alisema Tausi. "Akimaliza hapa, nakuahidi, nitakuja kumfunga kwako."