Nafasi Moja ya Sauti ya Pili

Wiki tatu nzima, kila baada ya chakula cha mchana, Tumsifu alimfundisha rafiki yake Leokadia sauti ya pili nyuma ya jiko la shule. Leokadia alikuwa na sauti nzuri, ila haikutulia. Ikisikia sauti ya kwanza tu, inaifuata. Tumsifu akamzibisha sikio moja kwa kidole, akamwimbia mstari mmoja mpaka ukamkaa kichwani. Akampa hata ule mteremko wake mwenyewe wa mwisho wa ubeti, ambao haumo kwenye nota, wa kuishusha sauti polepole kama mtu anayetua mzigo.

Siku ya mchujo mwalimu wa kwaya akasema sauti ya pili imebaki nafasi moja. Wakaitwa kwa mpangilio wa herufi za majina. Leokadia akatangulia, na alipofika kwenye ule mteremko mwalimu akaacha kuandika.

"Huo umeutoa wapi?"

"Unakuja wenyewe tu, Mwalimu," akajibu Leokadia, macho chini.

Ikafika zamu ya Tumsifu. Ubeti wa kwanza tu, akakatizwa.

"Ngoja, binti. Unamuiga mwenzako. Ametuimbia hivyo hivyo sasa hivi."

"Kanakili mpaka pumzi," msichana mmoja akanong'ona, benchi zima likacheka. Leokadia naye akacheka, kidogo.

"Haya, imba ya kwako," mwalimu akasema, akabonyeza kinanda.

Kinanda kikalia, kikanyamaza. Akabonyeza tena. Tumsifu alikuwa amefungua kinywa, anatafuta kooni namna nyingine ya kuimba iliyo yake.